Kaseti ya Marehemu Theoneste

Jumatatu, 26 Oktoba 1987. Chonyonyo.

Leo nimeoa. Yaani bado, lakini ni kama nimeoa. Felicitas ametamka mbele za watu, nje ya kanisa, kwamba siku atakayousikia tena wimbo wa marehemu mumewe ndiyo siku atakayovua kitambaa cheusi na kutoa jibu. Jibu la nini? Hapa hata mbuzi wanajua. Waposaji ni wawili. Wa kwanza ni mimi, Desderius, fundi redio, mtu wa watu. Wa pili ni Anatory, mwenye duka, mtu wa Muleba, anayevaa soksi mpaka shambani.

Theoneste alikuwa rafiki yangu. Mpiga gitaa. Homa ilimchukua mwaka juzi. Wimbo aliorekodi ni mmoja tu, na aliurekodi chumbani kwangu, kwa redio kaseti yangu, wiki ileile aliyoanza kuumwa. Anamuaga mkewe. Anasema anaondoka, mlango usifungwe, akichelewa atausukuma tu aingie. Kaseti yenyewe ni moja duniani na iko chini ya mto wangu. Anatory ana duka. Ana baiskeli. Ana soksi. Kaseti hana!

Tangu mazishi Felicitas hafungi mlango. Anaurudishia tu, usiku kucha. Alisema leo mbele yetu sote kwamba hawezi kuweka komeo mpaka amsikie Theoneste akimaliza kuaga. Kuna waliocheka. Mimi mgongo ulipata baridi kidogo. Nikaupuuza.

Mpango: Jumatatu ijayo ni Siku ya Marehemu Wote. Baada ya misa, uani kwa Felicitas, nitapiga nyimbo za wanamuziki wetu waliotangulia. Si nyimbo ovyo ovyo. Za kuaga tu! Kila marehemu atuage kwa kinywa chake. Gosbert, aliyekufa na lori kule mteremkoni, ana ule wa kijana anayekwenda mjini. Kokushubira wa kwaya ana ule wa bibi harusi anayewaaga wazazi. Mwisho Theoneste. Watu walie. Mimi nitoe leso. Leso ninayo, safi.

Jumanne, 27 Oktoba.

Kikwazo. Felicitas anataka mwalimu atangulie.

Theoneste alifundishwa na Mzee Mbonimpa wa Nyakatuntu, mpiga iningiri, lile zeze la uzi mmoja walilokuja nalo wazee wao kutoka Rwanda. Katika ukoo wao, Felicitas anasema, mwanafunzi hatangulii mwalimu wake hata kaburini. Kama mwalimu yu hai, aitwe, aje apige mwenyewe. Kama amekufa, wimbo wake uanze. Hana habari za mzee tangu mazishi. Akaniuliza kama mimi ninazo.

Aje apige mwenyewe! Mzee apige, mzee alie, mzee akumbatiwe, na mimi na redio yangu tukae kando kama viatu vya wageni! Nikajibu papo hapo kwamba Mzee Mbonimpa, shemeji yangu, alishatutoka, Mungu amlaze pema, na wimbo wake wa kuaga ninao nyumbani. (Shemeji namwita Felicitas, kwa ajili ya marehemu. Ni neno la muda.)

Felicitas akafanya ishara ya msalaba, macho yakamjaa machozi. Hapo nilijisikia vibaya, nakiri. Halafu Katekista Polikarpi, aliyekuwa anapita, akasema atalitia jina la mzee katika majina ya marehemu yanayosomwa misani mwezi mzima wa Novemba. Nikamshukuru. Ningesemaje?

Wimbo wa Mbonimpa sina. Sijawahi kuwa nao. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu ni nyingi. Mzee alikuwa mkongwe miaka ile. Bila shaka amekwisha kufa. Nitatafuta mpiga zeze yeyote, na zeze lina sauti gani ya kutofautisha?

Jumatano, 28 Oktoba.

Hajafa!

Nimemkuta sokoni Nyirabageni, muuza maharage wa Nyakatuntu. Nimemuuliza kwa ujanja kama kwao kuna mtu anayejua zeze. Akasema yupo Mzee Mbonimpa, amemuacha jana akipalilia migomba. Nikamuuliza kama mzee anaumwa walau. Akasema haumwi chochote. Nikamuuliza kama ana hakika. Akanitazama vibaya, akanipunja maharage.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwenda Nyakatuntu ni ndefu. Nitakwenda. Nitamrekodi mwenyewe, kisha nitamwomba awe maiti mpaka Jumatatu jioni. Ni ombi dogo.

Nimekwenda dukani kwa Anatory kutafuta kaseti tupu. Akasema hana. Zilikuwa nyuma ya kichwa chake, zimepangwa! Akasema hizo ni za kutazama. Ndiyo vita hiyo. Haya. Kaseti ya Theoneste ina wimbo upande mmoja tu, upande wa pili ni mtupu. Mbonimpa atakaa huko. Betri nazo nimezianika juu ya bati tangu asubuhi. Zikipata jua zinafufuka kidogo.

Alhamisi, 29 Oktoba. Nyakatuntu.

Nimepata lifti kwenye lori la kahawa. Tulipopita Kiruruma ukungu ulikuwa umelala bondeni, mweupe, na migomba imetoa vichwa tu. Watu watatu walisimama kando ya njia. Nikawapungia. Hawakupunga. Nikamwambia dereva kwamba watu wa huku wana maringo. Akasema hajaona watu.

Nimelala kwa binamu. Kaseti niliizungusha njiani kwa kalamu ili nisimalize betri. Kazi ya fundi hiyo.

Ijumaa, 30 Oktoba.

Nimempata. Mzee mdogo, msafi, meno yote. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akasogeza vigoda viwili. Mimi niko peke yangu. Nikakaa kwenye kimoja. Akauliza mbona mwenzangu hakai. Nikamwambia sina mwenzangu. Akatazama mlangoni kidogo, akasema sawa.

Nilimpa kibuyu cha rubisi, pombe nzuri ya ndizi niliyoinunua kwa binamu. Halafu nikamweleza ombi langu, taratibu, kama mtu anayevua miiba. Hakucheka. Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu: kama jina lake limekwisha pelekwa kanisani. Nikasema ndiyo. Akasema basi nimechelewa kumwomba, kwa kuwa kazi yenyewe nimekwisha ianza. Jina likiitwa kati ya wafu, akasema, huko waliko wanasimama kuangalia nani anakuja. Wakikosa mtu wanaanza kuulizana.

Nikacheka peke yangu.

Akachukua zeze. Nikabonyeza kitufe chekundu. Loo, mzee anapiga! Uzi mmoja tu, lakini mkono wangu wenyewe ulisimamisha vinyweleo. Alimwita Theoneste, akamuuliza yuko wapi. Alinyamaza kidogo kila alipouliza, kama mtu anayengoja ajibiwe. Kisha nikasikia jina langu! Anamuaga Desderius, Desderius aliyemletea pombe, amtangulie ama amfuate. Nikampungia mkono aniache mimi. Hakuniona, alikuwa amefumba macho.

Alipomaliza nikamuuliza maana yake nini kuniweka mimi kwenye wimbo wa kufa. Akashangaa. Aliyeleta kibuyu lazima aitwe jina, akasema, kila mtu anajua. Nilijua hata mimi! Harusini nawalipia wapiga zeze pombe makusudi ili waniite. Sasa leo nilisahau ninanunua nini.

Nilipoondoka alikipanguza vumbi kile kigoda cha pili.

Jumapili, 1 Novemba. Chonyonyo.

Balaa!

Baada ya misa niliweka kaseti nijiandae kwa kesho. Upande niliodhani ni wa Theoneste: shhhh. Hakuna kitu. Nikageuza. Mbonimpa. Nikageuza tena. Shhhh. Nikakaa chini sakafuni.

Ni kalamu! Kule kwenye lori niliitoa kaseti, nikaizungusha, nikairudisha imegeuka upande. Nimemrekodi Mbonimpa juu ya Theoneste. Rafiki yangu nimemfuta. Wimbo wake mmoja, na sauti yake peke yake iliyobaki juu ya ardhi hii. Nililia. Si kwa ajili ya posa, au tuseme si kwa ajili ya posa tu. Tulikuwa tunakula sahani moja.

Nikamuacha Mbonimpa aendelee, maana sikuwa na nguvu ya kuzima. Ndipo nikasikia. Nyuma ya zeze, mbali, kuna mtu mwingine anaimba. Nikasogeza sikio. Ni yeye. Ni Theoneste, chini kabisa, kama mtu anayeongea nje wakati wa mvua. Mbonimpa akauliza Theoneste uko wapi, akanyamaza. Na katika kunyamaza kule ile sauti ya chini ikasema mlango usiufunge.

Nimezima. Nimetoka nje nikakaa juani na kuku.

Fundi anajua sababu. Betri zangu zilikuwa dhaifu, hazikuwa na nguvu ya kufuta vizuri. Basi! Sayansi. Lakini sayansi haielezi kwa nini kila mmoja anamngoja mwenzake amalize.

Nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Nitasema nimewaunganisha makusudi, mwalimu na mwanafunzi, kwa ufundi wa kisasa. Naona ni wazo zuri sana.

Jumatatu, 2 Novemba. Marehemu Wote.

Nitaandika kwa utaratibu.

Misa. Majina yakasomwa. Lilipofika la Mbonimpa nilitazama viatu vyangu. Nje mbwa wa kanisani, ambaye habweki hata wezi, akalia kwa kuvuta.

Mchana, uani kwa Felicitas. Watu wengi, wamekaa kimya kwenye majani. Mawingu yalikuwa chini na hakukuwa na upepo. Anatory amekuja na soksi nyeupe. Nikapiga Gosbert. Watu wakainamisha vichwa. Nikapiga Kokushubira, na mama yake akaanza kuitikia pole pole, neno kwa neno, kama alivyokuwa akimwitikia jikoni. Niliona ninaweza! Felicitas alikaa mbele, mikono mapajani, kitambaa cheusi kichwani. Nikatangaza ufundi wa kisasa. Nikaweka kaseti.

Zeze likaanza. Kisha ile sauti ya chini. Mwanzo hawakuisikia. Felicitas ndiye aliyeisikia kwanza. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye spika kabisa, na uso wake ukawa wa msichana. Wengine wakasogea. Mbonimpa akauliza uko wapi. Theoneste akajibu. Mama mmoja akasema Yesu wangu.

Halafu likaja langu. Desderius, unitangulie ama unifuate. Wote wakageuka kunitazama. Wale waliokaa karibu nami wakasogea, kila mmoja kidogo. Na kule chini, Theoneste akafika pale pa mwisho pa wimbo wake, pale anaposema akichelewa atausukuma tu aingie.

Lango la ua likasukumwa.

Akaingia Mzee Mbonimpa. Shati jeupe, zeze kwapani, matope mpaka magotini. Akasema hodi.

Sijawahi kuona ua ukihamwa vile. Mama wa Kokushubira alipita juu ya uzio wa miti, na ana miaka zaidi ya sabini. Katekista Polikarpi alitangulia wote aliotakiwa kuwaombea. Anatory alikanyaga kahawa iliyoanikwa, akateleza, akaacha soksi moja pamoja na kiatu chake. Ingekuwa siku nyingine ningefurahi. Mimi sikukimbia.

Felicitas peke yake alimwendea mzee, akapiga goti, akatoa shikamoo. Akaitikiwa. Akamshika mkono, akaupapasa, akaukuta una joto. Akamuuliza mbona alisomwa misani. Mzee akanionyesha kwa zeze. Akasema kwa upole kwamba kijana huyu alimwomba awe maiti mpaka Jumatatu, na leo ni Jumatatu.

Felicitas hakunitukana. Heri angenitukana. Aliniuliza tu wimbo wa mumewe umekwenda wapi. Nikaeleza. Kalamu, lori, betri. Nilipomaliza alisema amemsikia kama mtu aliye nje, hakusikia maneno yote, na mtu hawezi kumfungia mlango mtu aliye nje bado anaongea. Akaichukua kaseti, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Jumatano, 4 Novemba.

Watu hawanipi mkono. Wananisalimia kwa mbali, kisha wanahesabu siku zangu kimoyomoyo, naona midomo. Mwanamke mmoja kaleta mkungu wa ndizi za pole kwa jirani yangu, amtunzie mpaka "itakapohitajika". Jirani kaupokea!

Nimemwomba Polikarpi alitoe jina la Mbonimpa kwenye majina. Amekataa. Padri amekwisha lipokea, na yeye katekista hawezi kumwambia padri kwamba marehemu anakula senene kwa Felicitas. Anakula kweli. Mzee amegoma kurudi kwao. Anasema anangoja kuona nani atakuja kuitikia jina lake. Akisema hivyo ananitazama mimi, bila ubaya wowote.

Nilimwomba auimbe yeye ule wimbo wa Theoneste, neno kwa neno, nirekodi, yaishe. Akakataa. Wimbo wa kuaga haukopeshwi, anasema. Mwenye kuondoka ndiye mwenye nao.

Anatory ameanza kuvaa kandambili. Leo kampelekea Felicitas sukari. Kimya kimya, kwa mlango wa nyuma!

Jumamosi, 7 Novemba.

Nimepata! Loo, Desderius, Mungu alikupa kichwa!

Nilikuwa namenya ndizi. Ganda juu, ndizi chini. Nikasimama na kisu mkononi. Kaseti si ni hivyohivyo? Theoneste yuko chini. Mbonimpa yuko juu yake. Kurekodi mara moja kuliweka ganda. Basi nikirekodi ukimya, mara moja tu, kwa nguvu ya kutosha, ganda la juu linatoka na wa chini anabaki peke yake, mweupe, safi. Mara ya kwanza betri zilikuwa mbovu, ndiyo maana kazi ilifanyika nusu. Ni betri tu zilizoniangusha!

Jogoo wangu nimembadilisha kwa mwenye mashine ya kukoboa, akanipa betri mpya. Mpya kabisa, bado zina nailoni.

Nikaenda kwa Felicitas. Nikamweleza habari ya ganda na ndizi. Alinisikiliza muda mrefu. Mzee Mbonimpa alikuwa kwenye kigoda, akaacha kutafuna. Felicitas akaniuliza kama nina hakika. Nikaapa kwa mama yangu. Akasema amechoka. Kila usiku upepo ukisukuma mlango anaamka, anakaa kitandani, anasema karibu. Amesema kama nitamtoa Theoneste akiwa mzima, kesho baada ya misa atakuja kumsikiliza amalize, kisha atafunga mlango na kunijibu, na jibu ninalijua. Macho yake yalikuwa mekundu. Alifungua pindo la kanga. Kaseti nilipoishika hakuiachia mara moja, tukabaki tumeishika wote wawili. Kisha akaniachia.

Sasa ni saa kumi alasiri. Nimefunga dirisha ili ukimya uwe mzuri. Na mbwa nimemfunga mbali. Safari hii nimekagua upande sawasawa, nimetia alama ya msumari. Wananiita mzembe! Nimesikiliza mara ya mwisho kabla ya kuanza. Mbonimpa akauliza uko wapi, na Theoneste, Mungu amrehemu, akajibu kwa haraka kuliko siku zile, kana kwamba ana jambo anataka kuwahi kuliniambia. Sikumngoja. Atalisema kesho, mbele ya mkewe, kwa sauti yake yote.

Nimebonyeza kitufe chekundu. Kaseti inazunguka vizuri kabisa, haikwami hata kidogo. Upande huu ukiisha nitaurudia mara ya pili ili kazi iwe safi.